Barua Arobaini na Mbili za Nchi ya Mlingano

Nchi ya Mlingano haimo kwenye ramani zinazobandikwa ukutani shuleni, na usidhani imesahauliwa. Waliochora ramani walikuwa na sababu zao. Lakini ipo, ina watu, ina mihuri, ina ofisi zinazofunguliwa saa mbili na kufungwa saa sita, na Mwanamvua Shekiondo alifika huko akiwa na sanduku la bati mkononi na karatasi ya wito kifuani.

Ndani ya sanduku mlikuwa na barua arobaini na moja. Zote aliziandika mdogo wake, Mbaruku, aliyekwenda Mlingano miaka kumi na mmoja nyuma kuchonga mawe. Jumba Kuu la Barua lilikuwa linajengwa. Linajengwa hadi leo, na litaendelea kujengwa, maana hakuna serikali inayochoka kujijengea. Jumba lilitaka mawe, na mawe yakataka vifua vya watu. Mbaruku alivuta vumbi la machimbo miaka yote ile, na kila mwenzake alipozikwa, alimwandikia dada yake jina la marehemu na kazi aliyoifanya. Kondo Mavere, mpiga nyundo. Selestini, aliyekuwa anafunga kamba. Majina kumi na tisa yalikuwa yametawanyika katika barua zile, katikati ya salamu na habari za mvua. Halafu akafa yeye, na hakubaki mtu wa kuliandika la ishirini. Habari ililetwa kwa mdomo na mchonga mawe mmoja aliyekuwa anarudi kwao, anakohoa.

Wiki mbili baada ya msiba ikaja karatasi ya wito yenye mihuri miwili. Ilisema: barua moja ya Mbaruku Shekiondo inakungoja kwenye rafu yake, njoo na sanduku lako. Karatasi hiyo ilikuwa imeandikwa kabla hajafa. Ilikawia njiani tu, kama karatasi zote za serikali zinazomhusu mtu mdogo.

Mama yao, Bi Chausiku, hakujua kusoma. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuwa akikaa mkekani, ananyoosha miguu, anasomewa barua moja ya mwanawe. Zikiisha zote wanaanza upya. Siku ile alishika wito kichwa chini miguu juu, akautazama sana.

"Nenda kaniletee," alisema. "Mengine yote nimeshayakubali. Nataka kujua alimalizia na nini."

Hicho ndicho Mwanamvua alichokifuata, wala si kingine.

Mpakani alipokewa na Bwana Tindwa, Mlinganishi wa zamu, mtu wa makamo mwenye suruali iliyopigwa pasi na penseli mbili, moja kila sikio. Hakuwa mkali. Watu wenye kuharibu maisha ya wengine mara nyingi si wakali. Wana adabu, na wana fomu.

"Umelingana, shangazi?" alisalimu.

"Sijui. Nijibuje?"

"Unasema, nimelingana. Ndiyo salamu yetu. Mtu asiyelingana hatuwezi kumjulia hali."

Akamweleza sheria ya nchi kwa utaratibu, kama mwalimu anayempenda mwanafunzi mzito. Kila mkazi ana sanduku nyumbani kwake, na ana rafu yake Jumbani. Barua ikiandikwa, nakala moja hukaa sandukuni na nyingine rafuni. Kila siku adhuhuri, Walinganishi hupita nyumba kwa nyumba na orodha zao. Kilichoongezwa huku, kinaongezwa kule. Kinachotoka huku, kinatoka kule. Sanduku na rafu lazima ziwe sawa kabla ya jua kuanza kushuka.

"Na panya akila barua ya mtu?" Mwanamvua aliuliza.

"Mwaka jana ilitokea," alisema Tindwa, na sauti yake ikapata heshima. "Panya alikula pembe ya barua ya mzee mmoja wa mtaa wa pili. Mkubwa wangu alikaa Jumbani siku nzima na mkasi mdogo, akaikata nakala ya rafuni hivyo hivyo, mpaka alama za meno. Ukiziweka pamoja huwezi kujua ipi ya panya na ipi ya serikali."

Mwanamvua alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki.

"Sasa hili sanduku lako," Tindwa aliendelea, "ni la barua za nani?"

"Za mdogo wangu. Mbaruku Shekiondo."

"Basi tuliandikishe kwenye rafu yake. Hapo kitakachokuwa kule, na humu kitakuja."

"Hata hiyo barua ninayoingoja?"

"Ikiwa iko kule, shangazi, itakuja yenyewe. Weka dole gumba hapa."

Mwanamvua aliweka dole gumba. Hakuuliza swali la pili, lile la kisichokuwa kule kitafanywaje. Hapo ndipo kosa lilipo, na usimlaumu. Fomu ile ilikuwa na nafasi ya dole na haikuwa na nafasi ya swali.

Alipangisha pale pale alipokuwa akikaa Mbaruku, kwa Bi Nyamizi, mjane mwenye mikono mipana na maneno mengi. Bi Nyamizi alilia alipomwona, maana sura ilikuwa ile ile. Alimpikia uji wa mtama, akamwonyesha chumba, akamwonyesha meza ambayo Mbaruku alikuwa akiandikia, na pembeni mwa mlango sanduku la mbao.

"Hili lilikuwa lake?"

"Lake. Sasa naweka mkaa."

Mwanamvua alifunua kifuniko. Mkaa, kweli.

"Karatasi zake ziko wapi, mama?"

"Nilizitoa, mwanangu. Nilikuwa natafuta mpangaji, na mpangaji hataki makaratasi ya maiti chumbani. Nikazitia moto. Usinitazame hivyo. Jumbani si zipo? Sisi hapa hatuogopi kutupa. Mtu anaweza kuchoma nyumba yake nzima, akalala usingizi, anajua rafu ipo."

"Lini hiyo?"

Bi Nyamizi alihesabu kwa vidole. "Leo siku ya ishirini na sita."

"Na Mlinganishi alipita siku ile?"

"Anapita kila siku. Adhuhuri yake tu, akafungua, akaona tupu, akaandika, akaenda zake. Akasema, 'Ahsante, Bi Nyamizi.' Wana adabu sana wale."

Mwanamvua alikaa kitandani. Alikuwa mtu aliyejifunza kusoma akiwa mkubwa, kwa magazeti ya kufungia sukari, na watu wa namna hiyo hulifikiria kila neno mpaka mwisho wake. Alilifikiria hili mpaka mwisho, na mwisho wake ukamfanya asimame. Watu wa nchi ile walidhani wana vitu viwili. Walikuwa na kimoja tu, kinachokaa mahali pawili.

Kesho yake asubuhi alikwenda Jumbani. Hakuna haja ya kueleza ukubwa wake. Waliolijenga walikuwa kumi na tisa na mmoja, na hao ni wale tu ambao Mwanamvua aliwajua kwa majina. Karani alimpeleka mpaka kwenye rafu. Juu yake liliandikwa jina la Mbaruku kwa rangi nzuri, na chini ya jina palikuwa pasafi, pamefutwa hata vumbi.

"Barua zake ziko wapi?"

"Sandukuni kwake hazimo," alisema karani, "kwa hiyo hapa pia hazimo."

"Mmezipoteza."

Karani aliumia kweli. "Bibie, tafadhali. Kupotea ni pale upande mmoja unapokuwa nacho na mwingine hauna. Hapa pande zote ni sawa. Tangu Jumba hili lifunguliwe, hakijapotea kitu hata kimoja. Imeandikwa pale mlangoni."

Ilikuwa imeandikwa, kweli, kwa herufi za shaba.

Alirudi nyumbani karibu mbio, lakini jua lilikuwa limeshafika katikati. Bwana Tindwa alikuwa anatoka mlangoni, penseli zake masikioni, gunia dogo begani.

"Nimeshakulinganisha, shangazi," alisema kwa furaha ya mtu aliyekamilisha kazi.

Sanduku la bati lilikuwa jepesi kama kopo. Alilifungua, akaingiza mkono, akapapasa pembe zote nne, kama vile barua arobaini na moja zingeweza kujificha.

"Hizo ni zangu," alisema. "Zilitumwa kwangu. Zimesomwa kwangu miaka kumi na mmoja."

"Lakini uliziandikisha kwenye rafu yake. Rafu ni tupu. Ningefanyaje? Ningekuacha hujalingana, mgeni wetu?"

"Zimo kwenye gunia hilo?"

"Gunia linakwenda tanurini moja kwa moja. Za sandukuni hazingojei." Alipomwona jinsi alivyobadilika uso, aliteremsha sauti. "Sikiliza. Za rafuni zinangoja. Kinachotolewa rafuni kinawekwa kwenye Kapu la Siku Thelathini, kabla ya kuchomwa. Kama za mdogo wako zilitolewa siku ishirini na saba zilizopita, bado zimo. Zote, na hiyo unayoitafuta. Zimebaki siku tatu. Nenda Barazani uombe. Mimi sikukwambia."

Gunia alikwenda nalo. Lazima tuseme na hilo.

Baraza la Mlingano lilikuwa na wajumbe kumi na wawili, sita kila upande, na katikati alikaa mwenyekiti, Mheshimiwa Kabelwa, mama wa sauti ya kubembeleza. Lilimpokea Mwanamvua siku ile ile, ingawa ofisi zilikuwa zimeshafungwa, likampa kiti, likampa maji. Alieleza haja yake kwa sentensi tatu. Wakaizungumza siku tatu, kuanzia kesho yake.

Siku ya kwanza walijadili kama kuna jambo la kujadili. Mjumbe mwenye miwani upande wa kulia alishikilia kwamba sanduku la mbao ni tupu, rafu ni tupu, sanduku la bati ni tupu, na kwamba katika maisha yake ya utumishi hajawahi kuona mlingano mzuri kama ule, vitu vitatu kwa mpigo. Upande wa kushoto walipiga meza kumpongeza. Upande wa kulia nao wakapiga, ili kulingana.

"Mama yangu ana miaka sabini na minane," Mwanamvua alisema. "Anataka kujua mwanawe alimalizia na neno gani. Kapu liko chumba cha pili. Mlango wake nauona kutoka hapa. Mtu mmoja anyanyuke aniletee."

"Tunakuelewa sana, dada," alisema Mheshimiwa Kabelwa. "Ndiyo maana tunajadili."

Siku ya pili waliingia kwenye kiini. Sheria ilisema kilicho kapuni kitarudishwa rafuni kwa ombi la mwenye rafu. Mwenye rafu alikuwa amekufa. Je, maiti aweza kuomba? Wengi waliona hawezi. Je, dada aweza kumwombea? Wakaona dada ni mtu wa sanduku la bati, si wa rafu. Ndipo mjumbe mmoja kijana akakumbuka kifungu kisemacho kwamba sanduku na rafu ni kitu kimoja, kwa hiyo sanduku la mbao laweza kuiombea rafu yake. Watu walifurahi. Likatumwa ombi, sanduku likaletwa kutoka kwa Bi Nyamizi, likiwa bado na mkaa wake, likawekwa mbele ya Baraza juu ya kitambaa.

"Sanduku la Mbaruku Shekiondo," alisema mwenyekiti, "unaomba barua zako zirudishwe?"

Waliliuliza mara tatu. Bi Nyamizi, aliyekuja nalo kwa sababu ya mkaa, hakuweza kujizuia.

"Labda lina njaa," alisema. "Lilishe kwanza."

Hakuna aliyecheka. Karani aliandika: sanduku limenyamaza.

Mwanamvua aliinuka. Aliwaambia maneno ambayo hayamo kwenye kumbukumbu za Baraza, lakini Bi Nyamizi anayakumbuka. Aliwaambia kwamba kila jiwe la ukuta ule lina jina, na majina yamo katika barua zile, na kama wao ni watu wa kulinganisha, basi walinganishe hilo: watu ishirini wameondolewa upande mmoja, nani ameondolewa upande wa pili? Alisema hivyo bila kupaza sauti. Wajumbe walitazama karatasi zao. Yule mwenye miwani alisema hoja ni nzuri, ila haiko kwenye ajenda.

Siku ya tatu walichelewa kuanza kwa sababu kiti kimoja cha kushoto kilivunjika, ikabidi kivunjwe kimoja cha kulia. Ilipokaribia adhuhuri, Mheshimiwa Kabelwa alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na huenda huzuni ilikuwa ya kweli.

"Ombi la dada yetu limekubaliwa," alisema, "kwa kura zote. Kukaa kimya kwa sanduku tumekuhesabu kuwa ni ridhaa."

Mwanamvua alikuwa ameshafika kwenye mlango wa chumba cha pili kabla kura hazijaandikwa. Mle ndani mlikuwa na mzee mmoja anafagia. Kapu lilikuwa kubwa, la ukindu, limefumwa kwa ustadi, na lilikuwa limeinamishwa ili likauke.

"Leo siku ya thelathini," mzee alisema. "Huwa tunamwaga asubuhi, mwanangu. Barazani wanajua. Sisi si ofisi yao, lakini wanajua."

Harufu ya karatasi iliyoungua ilikuwa bado ndani ya chumba. Si harufu mbaya. Mwanamvua alisimama pale, akaivuta, kwa kuwa ndiyo iliyobaki.

Walimpa hati ya kukubaliwa kwa ombi lake. Nakala mbili.

Jioni alikuwa anafunga mzigo chumbani, Bi Nyamizi amekaa mlangoni. Mwanamvua aliegemea ile meza ya Mbaruku, na meza haikuyumba. Sakafu ya chumba kile ilikuwa mbovu; kitanda kiliyumba, kiti kiliyumba. Aliinama. Chini ya mguu mmoja palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ngumu kama kipande cha ubao.

"Hii nini?"

"Kabari," alisema Bi Nyamizi. "Aliiweka mwenyewe wiki ile ya mwisho. Alikuwa anaandika kwanza kwenye karatasi mbaya, anafutafuta, halafu ndiyo ananakili kwenye nzuri. Ile mbaya akaikunja akaweka hapo. Mlinganishi ameipita kila siku. Si barua, ni kabari."

Mwanamvua alinyanyua meza kwa bega, akaichomoa. Ukurasa mmoja. Mwandiko ule ule, wenye herufi zinazolala. Hakuusoma. Aliurudisha kwenye mikunjo yake kama ulivyokuwa, akautia mfukoni.

"Meza itayumba," alisema Bi Nyamizi, halafu akafunika uso kwa kanga. "Iache iyumbe. Nisamehe, mwanangu. Mimi nilijua zipo mbili."

"Ulivyoambiwa ndivyo ulivyojua, mama."

Mpakani Bwana Tindwa alifungua sanduku la bati, akaridhika.

"Una kitu kingine?"

"Kabari ya meza."

Aliigeuza mkononi, akaitazama upande huu na huu. Mwanamvua alitazama vidole vyake. Tindwa alikuwa amekaa na karatasi tangu utotoni, alijua alichokishika. Akachomoa penseli ya sikio la kulia, akaandika: kabari, moja. Akamrudishia.

"Umelingana, shangazi," alisema taratibu.

Mwanamvua hakumjibu salamu.

Njia nzima aliyataja majina. Alikuwa ameyasoma miaka kumi na mmoja, aliamini yamo kichwani. Kondo Mavere, mpiga nyundo. Selestini wa kamba. Alifika jina la kumi na tatu bila kusita, na la kumi na nne halikuja. Alirudi mwanzo, akaanza tena, akakwama pale pale. Alijua mwenye jina hilo alikuwa mpishi wa machimbo, alijua alikufa siku ya mvua ya mawe, alijua hata jina lilikuwa mstari wa ngapi wa ukurasa. Jina halikuja. Mpaka leo halijaja, na anayelijua tunamwomba alitaje.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Bi Chausiku alikaa mkekani, akanyoosha miguu. Hakuuliza kuhusu sanduku. Alikuwa ameshaona jinsi binti yake alivyolibeba. Mwanamvua aliikunjua kabari kwa uangalifu, maana ilikuwa imeanza kukatika kwenye mikunjo, akasoma.

"Dada Mwanamvua, salamu nyingi. Mwambie mama ile fulana ya sufi nimeipata na ninaivaa, asiulize tena. Huku mvua imekataa. Bi Nyamizi ananipikia uji, anasema nimepungua, lakini yeye kila mtu kwake amepungua."

Bi Chausiku alicheka kidogo kwa pua.

"Jana nilipita chini ya ukuta tuliouinua mwaka wa kwanza. Unapendeza, dada, sitaki kusema uongo. Sasa kaa chini. Nataka nikwambie kilichotokea machimboni tarehe sita, na ni nani aliyetoa amri, maana nimechoka kukaa nacho peke yangu. Lakini kabla ya hapo nataka umwambie mama kwamba"

Ukurasa uliishia hapo.

"Endelea," alisema mama yake.

Aligeuza karatasi. Upande wa pili hapakuwa na kitu, ila alama ya mguu wa meza, ya mraba, imezama katikati.

"Endelea, mwanangu," alisema Bi Chausiku tena, kwa upole, akiwa amefumba macho ili asikie vizuri.